Kigoma Kwenye Kioo cha Simu

Mwaka 2002 Wilaya ya Kibondo ilikuwa na watu 414,764. Sensa ya 2012 ikakuta watu 261,331. Chora namba hizo mbili kwenye simu, uone mstari unavyoporomoka kutoka pembe ya juu kushoto hadi chini kulia, kana kwamba watu 153,433 wamemezwa na ardhi ndani ya miaka kumi. Hakukuwa na tauni wala vita. Wilaya iligawanywa tu. Upande wa kaskazini ukawa Wilaya ya Kakonko, na sensa hiyohiyo ya 2012 iliwahesabu huko watu 167,555. Jumlisha mbili hizo, unapata 428,886. Mstari ulioporomoka sasa unapanda, ingawa kidogo sana.

Udogo huo nao una kisa chake. Kibondo ya zamani iliongezeka kwa asilimia 3.4 katika miaka kumi, wakati Mkoa wa Kigoma mzima uliongezeka kwa karibu asilimia 27, kutoka watu 1,679,109 hadi 2,127,930. Je, wanawake wa Kibondo waliacha kuzaa? Hapana. Sensa ya Tanzania humhesabu kila mtu aliyelala nchini usiku wa sensa, mwenyeji na mgeni. Mwaka 2002 Kibondo ilikuwa bado imejaa kambi za wakimbizi wa Burundi: Kanembwa, Mkugwa, Nduta, Karago, Mtendeli. Kufikia 2012 wengi wao walikwisha kurudi kwao.

Kwenye kitabu cha takwimu, maelezo ya namna hii hukaa chini ya jedwali kwa herufi ndogo, na msomaji mvumilivu huyafikia. Kwenye simu hayana pa kukaa. Anayetengeneza programu ana upana wa vidole vinne na urefu wa kiganja, na katika eneo hilo lazima aweke kichwa cha habari, grafu, vitufe na namba. Cha kwanza kutupwa ni yale maelezo ya chini. Watanzania wengi sasa hukutana na takwimu za nchi yao kwenye kioo cha simu kabla hawajaziona kwenye karatasi, kwa hiyo inafaa kujua kioo hicho kinafanya nini na namba zetu.

Tuanze na hesabu ya nukta. Kioo cha simu janja ya bei ya kawaida kina nukta 720 kwa upana na 1,600 kwa urefu. Zidisha, utapata nukta 1,152,000. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini. Ukiamua kumpa kila mmoja nukta yake, watu zaidi ya 53 watalazimika kubanana kwenye nukta moja. Hata Kigoma peke yake, yenye watu 2,470,967 kwa sensa hiyo, haitoshi: watu wawili na zaidi kwa nukta. Na hapo hujaandika hata jina la mkoa.

Kwa hiyo hakuna simu inayoonyesha takwimu zote. Kila picha ya takwimu kwenye simu imepunguzwa, na aliyepunguza amefanya uamuzi. Mtaalamu wa kompyuta Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, aliandika mwaka 1996 utaratibu ambao wabunifu wanaufuata hadi leo: mwonyeshe mtu picha ya jumla kwanza, kisha mwache avute karibu na achuje asichokitaka, halafu umpe undani pale tu anapouomba. Aliandika hayo akiwa na kompyuta za mezani. Kwenye simu utaratibu huo umekuwa lazima, maana njia nyingine haipo.

Ramani ndiyo mahali ambapo jambo hili limefanikiwa zaidi, kiasi kwamba watumiaji hawalioni tena. Mtu aliyeko Kasulu akifungua ramani ya dunia kwenye simu, dunia yote inakuja kama kigae kimoja cha picha chenye nukta 256 kila upande. Akivuta karibu hatua moja, kigae kile kinagawanyika kuwa vinne, hatua inayofuata kumi na sita, na kuendelea. Kwenye hatua ya 18, ambapo majengo na vichochoro vinaonekana, dunia nzima inahitaji vigae zaidi ya bilioni 68. Simu haina haja navyo. Inaomba vile vichache tu vinavyogusa kioo kwa wakati huo, na bando linaliwa kwa vigae hivyo na si kwa dunia nzima. Kidole kikisogea, vinakuja vingine. Ni ujanja wa kuvutia, na uzuri wake ni kwamba hakuna kilichofichwa moja kwa moja: unachokikosa hatua hii utakikuta hatua inayofuata, mradi kuna mtu amekiweka.

Mradi kuna mtu amekiweka! Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa, mifereji na nyumba za maeneo yanayofurika, wakaviingiza vyote kwenye ramani ya wazi ya OpenStreetMap. Vijijini mambo yamekwenda taratibu zaidi. Mahali ambapo hakuna aliyechora, mtumiaji atavuta karibu hadi mwisho akute weupe mtupu, na weupe huo hausemi kama pale hakuna nyumba au hakuna aliyefika.

Kenya ilionyesha njia nyingine mapema. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, kikundi cha waandishi wa blogu na wataalamu wa programu, wakiwamo Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, waliunda Ushahidi: mtu anatuma ujumbe wa simu au anaandika mtandaoni kueleza alichokiona, na tukio linawekwa kwenye ramani. Matukio yakiwa mengi, ramani ya aina hiyo huyakusanya yaliyo jirani ndani ya duara moja lenye namba. Ukilivuta karibu, duara linapasuka na kuwa maduara madogo, kila moja na namba yake, mpaka unafikia tukio moja moja. Leo mtindo huo umeenea hata kwenye programu za kutafuta vyumba vya kupanga. Una kasoro yake, nayo hujificha. Ripoti isiyotaja mahali halisi mara nyingi huwekwa katikati ya wilaya, na msomaji anayevuta karibu atakuta tukio limesimama msituni ambako hakuna anayeishi.

Lakini mfano unaostahili kukaa nao kwa muda zaidi ni wa Kigoma yenyewe, na kioo chake kilikuwa kidogo kuliko vyote. Septemba 2009 ulianza mradi wa majaribio ulioitwa SMS for Life. Wizara ya Afya ilishirikiana na kampuni za Novartis, Vodafone na IBM pamoja na ubia wa kimataifa wa kupambana na malaria. Wilaya tatu zilichaguliwa: Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Vituo vya kutolea huduma vilikuwa 129, vinavyohudumia watu wapatao milioni 1.2. Shida ilikuwa moja na inajulikana: mama anamfikisha mtoto mwenye homa zahanati baada ya mwendo mrefu, anaambiwa dawa imekwisha, wakati kwenye zahanati nyingine ya wilaya hiyohiyo makopo yamejaa kabati. Wilayani hakuna aliyejua, kwa sababu taarifa ilisafiri kwa karatasi.

Ulichofanya mradi ni kuuliza namba tano tu. Mara moja kwa wiki mhudumu alipata ujumbe kwenye simu yake ya kitochi ukimtaka ahesabu dawa mseto ya malaria katika paketi zake nne, zinazotofautiana kwa uzito na umri wa mgonjwa, na kwinini ya sindano. Akajibu kwa ujumbe mfupi bila malipo. Aliyejibu kwa wakati aliongezewa salio, na aliyechelewa alikumbushwa. Ujumbe mfupi wa simu una herufi 160, na majibu ya mhudumu hayakufikia hata robo yake.

Namba tano mara vituo 129 ni namba 645 kila wiki. Kwa mtaalamu wa takwimu hicho si kitu. Kwa mganga mkuu wa wilaya anayetaka kujua gari la leo liende wapi, namba 645 kwenye orodha ndefu ni nyingi kupita kiasi. Zilikusanywa kwenye tovuti yenye ramani ya vituo, iliyoweza kufunguliwa kwa kompyuta au kwa simu. Aliyeitazama hakuhitaji kusoma zote. Alitafuta sifuri.

Matokeo ya wiki 21 yalichapishwa mwaka 2010 na yamenukuliwa sana tangu hapo. Wiki ya kwanza asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya mwisho vilikuwa asilimia 26. Wahudumu walijibu kwa wastani wa asilimia 95. Hizi ndizo namba zinazotajwa mikutanoni, na ni namba nzuri. Ila ni picha ya jumla, na picha ya jumla imeficha jambo kubwa. Ukiifungua kwa wilaya, Lindi Vijijini ilitoka asilimia 57 hadi sifuri. Ulanga ilitoka 87 hadi 30. Kigoma Vijijini ilitoka 93 hadi 47.

Yaani baada ya wiki 21 za ujumbe, tovuti na ramani, karibu nusu ya vituo vya Kigoma Vijijini bado vilikosa angalau aina moja ya dawa. Ni maendeleo, ukikumbuka vilikoanzia. Lakini mtu aliyeona 26 tu kwenye simu yake angedhani Kigoma nayo imo humo humo. Wastani wa wilaya tatu haukuwa wa Kigoma hata kidogo. Na ramani, hata iwe na rangi gani, haibebi kopo la dawa kulipeleka kijijini. Inamwambia mwenye gari pa kwenda, basi. Mfumo huo baadaye ulipanuliwa kwenda nchi nzima.

Ugonjwa wa wastani unazidi kadiri kioo kinavyopungua. Tuseme kwa mfano kuna zahanati kumi. Tisa zina dozi 20 kila moja, ya kumi haina hata moja. Wastani ni dozi 18, na programu itapaka wilaya yote kijani. Mwenye zahanati ya kumi yumo ndani ya kijani hicho. Wabunifu wazuri wanalijua hili, ndiyo maana badala ya wastani peke yake huonyesha pia kiwango cha juu kabisa na cha chini kabisa, au huiweka juu ya orodha ile zahanati iliyo hoi kuliko zote. Nafasi inayotumika ni mstari mmoja tu wa maandishi.

Wakati nao una wastani wake. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walirundikana Kagunga, kijiji kidogo kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika karibu na mpaka, na meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kwa awamu kuwapeleka Kigoma mjini. Kipindupindu kikalipuka. Kabla mwezi haujaisha wagonjwa zaidi ya 3,000 walikuwa wamerekodiwa. Kwenye grafu ya siku kwa siku, Mei hiyo inasimama kama mlima. Weka miaka kumi ya takwimu kwenye kioo chenye nukta 720 kwa upana, kila nukta ikabeba siku tano, mlima unapungua kidogo. Mbunifu akipanga kwa mwaka, Mei 2015 inageuka nguzo moja iliyoizidi jirani yake, na hakuna anayeweza kujua kama wagonjwa walikuja polepole mwaka mzima au wote kwa wiki tatu. Kwa daktari anayepanga vitanda na maji ya dripu, tofauti hiyo ni kila kitu.

Siku hizi taarifa za afya nchini huanzia kwenye vitabu vya MTUHA vilivyoko kila zahanati: namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 12 cha waliojifungua. Kila mwezi zinajumlishwa na kuingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, programu iliyozaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990 na kulelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, huku wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiitengenezea sehemu zake kwa mahitaji ya hapa. Ina programu ya simu inayofanya kazi hata mtandao ukikatika na kutuma ukirudi. Katika nyanda za Kasulu na Kibondo, ambako vilima huukatisha mtandao bila taarifa, hilo ni jambo la msingi kuliko urembo wowote wa grafu.

Rangi ni mtego mwingine. Utafiti wa viashiria vya malaria wa 2017 ulikuta watoto wenye vimelea Kigoma ni asilimia 24, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote, wakati taifa zima ni asilimia 7. Ramani ikaipaka Kigoma rangi nzito. Sawa. Lakini jicho husoma ukubwa wa eneo kabla ya rangi, na mkoa wenye mapori makubwa na watu wachache huonekana muhimu kuliko mji uliojaa watu kwenye eneo dogo. Kigoma-Ujiji, yenye watu 215,458 mwaka 2012, ni kinukta kwenye ramani ya mkoa. Uvinza, yenye watu 383,640, inachukua sehemu kubwa ya kioo. Kidole kikitaka kuigusa Kigoma-Ujiji huishia kugusa wilaya jirani. Na ramani hiyo ikifunguliwa nje saa saba mchana, jua la utosi hufuta tofauti ya nyekundu hafifu na nyekundu nzito. Ni afadhali kuandika namba.

Mtabila inaonyesha kwa nini haya yote si mambo ya wataalamu peke yao. Kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa la kambi ya Warundi upande wa Kasulu. Mwaka 2012 Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, zilikuwa zimekwisha kuwahoji wakazi wake, takriban 38,000, ili kujua nani bado anahitaji ulinzi. Takriban 2,700 walionekana wanauhitaji. Waliobaki walivuliwa hadhi ya ukimbizi tarehe 1 Agosti mwaka huo, na kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Desemba zaidi ya 30,000 wakarudishwa Burundi. Kambi ikafungwa. Mahali pale sasa pana kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa, 825 KJ Mtabila.

Tazama tarehe. Sensa ilifanyika 26 Agosti 2012. Watu wa Mtabila walikuwa bado wapo. Wakahesabiwa. Miezi minne baadaye hawakuwapo, lakini namba yao ilibaki ndani ya takwimu za iliyokuwa Kasulu ya zamani, ambayo nayo ilikuwa imegawanywa kuwa Kasulu, Kasulu Mji na Buhigwe, jumla watu 888,380. Makadirio ya miaka iliyofuata, ya chanjo, madawati na visima, huanzia kwenye hesabu ya namna hiyo. Anayegawanya idadi ya watoto waliochanjwa kwa idadi ya watoto wanaodhaniwa kuwapo atapata asilimia ya chini kuliko ukweli, na muuguzi wa zahanati ataonekana mzembe kwenye simu ya mkubwa wake kwa ajili ya watoto walioko ng'ambo ya mpaka. Kisha 2015 upepo ukageuka. Warundi wapya wakaingia, kambi ya Nyarugusu iliyokuwa ya Wakongo tangu 1996 ikapita watu 150,000, Nduta ikafunguliwa tena Oktoba na Mtendeli Januari 2016. Hesabu ikakosea upande wa pili.

Mtu akitafuta "Mtabila" kwenye simu leo, anaweza kukuta kambi ya wakimbizi na kambi ya jeshi zikiwa kando kwa kando, bila mwaka. Kitu kidogo kama kitelezi cha miaka chini ya ramani kingemaliza utata huo.

Sensa ya 2022 ilikuwa ya kwanza kufanywa kwa vishikwambi, na upande wa kuingiza taarifa ilionyesha jinsi kioo kidogo kinavyoweza kutumiwa kwa akili. Karani hakubeba dodoso zito la kupekuapekua. Kishikwambi kilimwonyesha maswali kidogo kidogo: akisema anayehesabiwa ni mwanamume, maswali ya uzazi hayaji kabisa, na jibu lisilowezekana linakataliwa papo hapo. Matokeo ya awali yalitangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba, wiki kumi tu baadaye, na walimu wakapewa vishikwambi hivyo.

Upande wa kusoma haujafika huko. Majedwali ya sensa yameshuka hadi kata, kazi kubwa ya kusifiwa, lakini mengi yamewekwa mtandaoni kama kurasa za kitabu. Mwalimu mwenye kishikwambi kilekile akifungua jedwali la Kigoma atakuta herufi kama mchanga. Akivuta karibu aione kata yake, vichwa vya safu vinatoka nje ya kioo. Hajui tena namba ya tatu ni ya wanawake au ya kaya. Anarudi nyuma, anahesabu safu kwa kidole, anarudi mbele, amekwisha kuupoteza mstari. Dawa yake inajulikana na si ghali: vichwa vibaki vimeganda juu wakati mstari unasogea, au kila kata iwe na ukurasa wake mfupi unaotafutwa kwa jina.

Wanaotengeneza kurasa na programu hizo wanaombwa mambo mawili tu zaidi ya hayo. Kila namba ya wilaya iandikwe pamoja na mwaka wa mipaka yake, na mahali palipokuwa na kambi paandikwe kama wakimbizi wamehesabiwa ndani yake au la. Ni maneno manne au matano, yanatosha kwenye kioo chochote. Na msomaji aliyetumiwa grafu ya wilaya yake kwenye kundi la WhatsApp, kabla hajaisambaza, aulize kwanza wilaya hiyo ilikuwa na mipaka ipi, na waliohesabiwa ni akina nani.